Kaseti Moja, Nyimbo Tisa: Maswali Yenu Kuhusu Kukata Sauti

Nimehamishia kaseti ya kwaya yetu, ile ya dakika 60, kwenye kompyuta. Nikaiachia Audacity, programu ya kuhariri sauti, ikate penye ukimya. Nilitegemea nyimbo tisa, nimepata vipande 31! Nimekosea wapi? (Msomaji, Tukuyu)

Umeiamini mno kompyuta. Kwake ukimya ni sauti iliyoshuka chini ya kiwango fulani kwa muda fulani, basi. Haijui kama kilichoisha ni ubeti au wimbo. Waimbaji wakivuta pumzi kabla ya kiitikio, nayo inakata. Tena kaseti haina ukimya wa kweli: kuna mvumo wa utepe wenyewe, na kama mlirekodi huko kwenu wakati wa masika, kuna mvua juu ya bati. Ukiweka kiwango chini sana, hakuna kitakachokatwa; ukikipandisha mno, hata mwimbaji wa solo akishusha sauti anakatwa katikati.

Anza na pengo lililo kati ya wimbo wa kwanza na wa pili, uangalie desibeli zake (kipimo cha ukubwa wa sauti). Mvumo ukiwa kwenye desibeli -45, weka kiwango -40. Muda wa ukimya weka sekunde mbili, si nusu sekunde. Halafu usiiruhusu ikate. Iweke lebo tu, yaani alama za mahali pa kukata, kisha pitia mwenyewe: futa za uongo, ongeza zilizorukwa, andika majina ya nyimbo. Ukiridhika, toa mafaili yote kwa mkupuo, kila moja litabeba jina la lebo yake. Mimi kaseti nzima hunichukua kama dakika ishirini, chai ya kwenu ikiwa mezani.

Shikamoo. Rafiki yangu anasema kila ukikata MP3 ubora unashuka. Ni kweli? (Mafinga)

Marahaba. Inategemea unakata na nini. Audacity huifungua MP3, na unapotoa faili jipya huibana upya. Kila kubana kunakula kidogo. Programu za kukata MP3 kama mp3DirectCut na mp3splt haziifungui. MP3 imejengwa kwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja kwa kawaida kina sampuli (vipimo vya sauti) 1,152, yaani kama milisekunde 26 kwa rekodi ya 44.1 kHz. Programu hizi hukata kwenye mpaka wa kipande na kingine, sauti haiguswi. Hasara yake ni kwamba huwezi kukata katikati ya kipande, jambo ambalo sijawahi kulihitaji kwa nyimbo za kwaya.

Ila kwa kaseti sina mjadala: rekodi kwa WAV, aina ya faili la sauti lisilobanwa, ingawa inakula takriban MB 10 kwa dakika, kata humo humo, MP3 iwe ya mwisho.

Muziki wa sherehe, nyimbo zimeunganishwa bila pengo lolote. Nifanyeje? (Mwanjelwa, Mbeya)

Hapo ukimya hausaidii, tumia saa. Sikiliza, andika kila wimbo unapoanzia, uziweke saa hizo kwenye faili la CUE, ambalo ni maandishi ya kawaida tu. mp3splt hulisoma na kukata. Wengi hukosea namba ya tatu: baada ya dakika na sekunde hazifuati sehemu za mia, zinafuata fremu, 75 kwa kila sekunde, urithi wa CD. Ukiandika 80 pale umeshaharibu. Na kama hutaki kusikia kwikwi kati ya wimbo na wimbo, toa kwa FLAC, faili linalobanwa bila kupoteza ubora, badala ya MP3.

Mahubiri ya saa mbili, niyagawe dakika kumi kumi? (Njombe)

Unaweza, lakini mchungaji atakatwa katikati ya haleluya. mp3splt inaweza kusogeza mkato hadi kwenye ukimya ulio jirani, tumia hiyo.

Nataka kutenganisha sauti ya mwimbaji na vyombo. (Tunduma)

Hiyo ni kazi nyingine kabisa, ingawa watu huziita kwa jina moja. Si kukata kwa muda, ni kuchambua kilicholia kwa pamoja. Jaribu programu ya Spleeter, iliyotolewa na Deezer (huduma ya muziki mtandaoni) mwaka 2019, au Demucs. Rekodi ya kaseti iliyokwaruza itakupa mwimbaji mwenye sauti ya mtu aliye ndani ya pipa.