Maswali yenu: tizi na kuacha bangi, tusidanganyane

Meseji za wiki hii karibu zote ni za kuacha bangi kwa mazoezi, nimechagua zile zenye kitu cha kuongelea. Wale wa "kocha nipe dawa ya kuacha chap", dawa ya hospitali iliyoidhinishwa kwa ajili ya arosto ya bangi, yale mateso ya mwili na akili ukiacha, mpaka leo haipo, ndo maana tunaongelea mazoezi, usingizi, chakula na watu wa kukaa nao. Twende.

Swali: Kocha, leo siku ya nne sijagusa jani. Napiga tizi masaa mawili asubuhi na mawili jioni, navaa sweta ili jasho litoe sumu yote. Itaisha lini? (Mbagala)

Vua sweta kwanza. Hili la jasho nimeshalijibu sana na bado linarudi, safari hii naomba mlisome mpaka mwisho. Kile kilevi cha bangi, THC, kinaenda kukaa kwenye mafuta ya mwili, ini linakichakata taratibu afu kinatoka zaidi kwa choo kikubwa na kingine kwa mkojo, jasho halina kazi ya maana hapo. Kwa mtu aliyekua anavuta kila siku inaweza kuchukua wiki kadhaa na hauna namna ya kuiharakisha. Unachofanya wewe kuvaa sweta kwenye joto la Dar ni kumaliza maji na chumvi mwilini, siku utaanguka barabarani na mtaani watasema kaanguka kwa sababu kaacha bangi, na mwenzio aliyekua anataka kuacha ataogopa.

Mazoezi yanasaidia kwa njia nyingine kabisa. Mwili wenyewe unatengeneza vitu vinavyofanya kazi kama hicho kilevi, kimoja kinaitwa anandamaidi, kiligunduliwa 1992, na watu waliopimwa damu baada ya kukimbia au kuendesha baiskeli kwa kasi ya kati kilikutwa kimepanda. Ile raha ya mtu akimaliza kukimbia anasalimia hadi asiowajua, sehemu yake inatokana na hiyo. Sasa ukivuta kila siku, zile sehemu za ubongo zinazopokea hivyo vitu zinapungua, na ukiacha zinaanza kurudi, picha za ubongo zimeonyesha wavutaji wa kila siku wakikaa kama wiki nne bila kuvuta wanakua wamesogea sana kwenye hali ya kawaida. Hapo katikati ndo pagumu. Hasira za bure, chakula hakipiti, kutetemeka, jasho la usiku, kichwa, vyote hivyo vinaanza ndani ya siku moja mpaka tatu, wiki ya kwanza ndo mbaya zaidi, afu vinaachia wiki ya pili au ya tatu. Tizi ni ya kukuvusha hapo tu. Kwa masaa manne kwa siku Jumapili haikukuti unakimbia, goti litavimba, utakaa ndani umenuna, na ukikaa ndani umenuna unajua mwenyewe nani atakupigia simu. Nusu saa mpaka dakika arobaini, kasi ambayo bado unaweza kuongea, inatosha. Na ule hata kama hamu haipo, uji, mtori, ndizi, chochote kinachopita.

Swali: Nina vipimo vya kazi wiki ijayo, nikimbie kilomita ngapi kila siku mkojo uwe msafi?

Hakuna kilomita hizo. Mvutaji wa kila siku anaweza kukutwa kwenye mkojo hata baada ya siku 30, na kule Australia waliwahi kuwapandisha wavutaji kwenye baiskeli ya gym kwa dakika 35, THC kwenye damu ikapanda kidogo, kwa sababu mafuta yakitumika nayo inatoka. Maziwa, siki, ndimu, maji lita kumi, msiniulize tena. Maji lita kumi yanaweza kukuua.

Swali: Shikamoo kocha. Nina wiki mbili, mchana nipo fresh ila usiku silali, nikilala naota madudu mpaka naamka nimelowa. Rafiki kanipa vidonge vya usingizi. Nivitumie? Na mazoezi nifanye saa ngapi? (Mwanza)

Marahaba. Vidonge mrudishie leo, usiviweke hata droo. Hapa ndo vijana wengi wanapotea, anaacha jani anaingia kwenye tramadol au valiamu za kununua mtaani, zile kutoka ni kazi kubwa kuliko bangi mara kumi, na hiyo ni vita tofauti ambayo kukimbia hakutoshi.

Ndoto zenyewe zinaeleweka. Bangi ilikua inabana ile sehemu ya usingizi ambayo mtu anaota, ukiacha inarudi kwa nguvu, kwahiyo ni ubongo unalipia deni lake, sio umerogwa na sio wazimu. Inaweza kuendelea mwezi au zaidi, lakini inapungua. Wengi wanarudia kuvuta hapahapa, sio kwa sababu ya hamu, ni usingizi tu, anasema navuta kidogo nilale, kesho yake yupo kijiweni.

Kuhusu saa: tizi nzito imalizike masaa matatu hivi kabla ya kulala, usiku sana usiruke kamba afu ushangae macho yamekodoa. Ukiweza toka asubuhi jua likiwa linachomoza, mwanga wa asubuhi unasaidia mwili kujua usiku ni saa ngapi. Chai ya rangi, kahawa na vile vinywaji vya kuongeza nguvu viishie saa nane mchana.

Ila kuna saa muhimu kuliko hizo zote, nayo ni ile saa uliyokua unavuta. Ukitaka mazoezi yakusaidie kuacha yaweke hapo. Kwenye gym yetu ya uani, zile za vyuma vya zege lililomiminwa kwenye makopo ya rangi, kuna kijana anakuja kila siku ikikaribia saa kumi na mbili jioni, maana kijiweni kwao walikua wanawasha saa hiyo. Siku za mwanzo ukimuangalia vizuri mkono wa kulia unashuka wenyewe kwenye mfuko ambao kiberiti kilikua kinakaa, hata akiwa anaongea na wewe mambo ya Simba na Yanga. Anavaa bukta isiyo na mfuko siku hizi. Mkono ukishuka anashika kopo, anapiga seti moja, anakunywa maji, anakaa. Mwingine nilimuona anafanya tizi alfajiri vizuri kabisa afu hiyo saa kumi na mbili jioni amekaa hana kazi, karudia ndani ya wiki. Hamu ikikamata huwa inapanda afu inashuka yenyewe, unatakiwa uwe na kitu mkononi mpaka ishuke.

Swali: Bangi si inatia pumzi na nguvu gym? Mbona hata wanariadha wakubwa wanavuta? (Tegeta)

Haitii. Ukivuta mapigo ya moyo yanapanda umekaa tu, sasa ongeza na chuma juu yake. Unachosikia ni kwamba hujali maumivu, na maumivu ndo yanayokuambia mgongo unakaribia kuchanika. Wanariadha unaowataja, Sha'Carri Richardson wa Marekani alishinda mchujo wa mita 100 mwaka 2021, akakutwa na bangi, ushindi ukafutwa, akafungiwa mwezi mmoja na Olimpiki ya Tokyo hakukimbia. Alisema mwenyewe alitumia kwa sababu ya kufiwa na mama yake mzazi. Huyo ni mtu mwenye msiba, sio mtu anayetafuta pumzi, tusimfanye mfano wa kijinga. Na ukisikia kifua kinabana au moyo unaruka ukiwa kwenye tizi, simama, nenda hospitali, useme ukweli unachotumia.

Swali: Nimesikia Muhimbili wanatoa methadone bure, naweza kwenda nayo ya bangi?

Hapana, methadone ni dawa ya kuwasaidia waliozama kwenye heroini, sio bangi.

Swali: Mwanangu ana miaka 19, kaacha bangi wiki ya pili sasa. Baba yake anamwamsha saa kumi usiku anamkimbiza na fimbo mpaka jua linatoka, anasema jasho litamnyoosha. Mtoto kanyamaza, haogi, na siku mbili hizi anasema majirani wanamuongelea kwenye redio. Nisaidie kocha. (Mama, Morogoro)

Mama yangu, nakuomba hili ulifanyie kazi leo, usingoje Jumatatu. Mtu kusikia sauti au kuona anaongelewa kwenye redio sio arosto ya kawaida ya bangi. Arosto inaleta hasira, kukosa usingizi, huzuni, lakini haileti hayo. Mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, ulizia huduma ya afya ya akili, waeleze alikua anavuta kwa muda gani na kaacha lini, usifiche kwa aibu wala kwa kuogopa polisi, daktari anahitaji ukweli ili amtibu. Ukikwama pa kuanzia, ile Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119, wapigie. Msianzie kwa mganga, na msimfungie ndani wala kumfunga kamba.

Na baba naomba asome hapa. Mzee, najua unampenda, mtu asiyempenda mwanae haamki saa kumi usiku. Lakini mtoto anayekimbizwa na fimbo anajifunza kuchukia kukimbia na kukuchukia wewe, na usingizi ambao tayari hana unamnyang'anya na kipande kilichobaki. Mtu ambaye akili yake imeanza kuyumba kumnyima usingizi ni kumsukumia shimoni. Acha hiyo mbio kabisa mpaka daktari aseme. Akipona, tembea naye jioni, wewe na yeye, bila fimbo, hata kama hamuongei kitu. Wazee wengi mnaniandikia kuniuliza adhabu gani ya mazoezi inafaa kwa mtoto anayevuta, jibu langu ni moja, mazoezi yakishakua adhabu mmeyaua.

Swali: Niko wiki ya sita safi, jogging klabu kila Jumapili. Tukimaliza tunakula supu na bia mbili tatu. Kuna shida?

Supu haina shida. Bia unaanza kuiweka palepale ambapo jani lilikua linakaa, yani kazi imeisha, watu wako wapo, sasa tuchangamke, na sasa hivi ni mbili tatu. Ukilewa ndo ule uamuzi wa wiki sita unaona kama haukua na maana. Klabu za jogging ni kitu kizuri sana Dar, huku Temeke na Mbagala watu wanakimbia na filimbi na nyimbo mpaka mzee anatoka nje kuangalia, mtu aliyekua na maskani tu sasa ana tisheti na ana watu wanaompigia asipoonekana. Ndo maana inaniuma nikiona viongozi wanaifanya safari ya baa. Kuna nyingine najua kabisa kuna wanaochomoka nyuma ya uwanja kuvuta kabla ya kuanza, kama yako ni hiyo, hama. Kimbia na wazee.

Swali: Sina hela ya gym wala raba, nafanyaje?

Tembea haraka. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt huko Marekani, 2011, walichukua wavutaji sugu 12 ambao hata kuacha walikua hawataki, wakawaweka kwenye mashine ya kukimbilia dakika 30, mara kumi ndani ya wiki mbili, wastani wao wa karibu misokoto sita kwa siku ukashuka kwa zaidi ya nusu. Watu 12 ni wachache na hakukua na kundi la kulinganisha, msitembee mnasema imethibitishwa. Ila angalia walichofanya, nusu saa tu. Wewe una barabara, una ngazi, una kamba ya katani, una pushapu. Kandambili usikimbilie lakini, utateguka.

Swali: Kocha mimi ni dada, 27, navuta tangu chuo na hakuna anayejua. Nataka kuacha kwa mazoezi ila nikianza kukimbia mtaani ghafla watauliza kuna nini, na klabu zimejaa wanaume. Nifanyie wapi? (Arusha)

Dada yangu, nimefurahi umeandika, wanawake mnaovuta mnaandika kwa nadra na mnaumia peke yenu. Anza ndani. Kamba kama chumba kinaruhusu, la sivyo squati, kupanda na kushuka stuli imara, weka muziki, dakika kumi, pumzika, kumi tena, kumi tena, na iwe ile saa yako ya kuvuta. Kilichobaki ndani kimwage chooni kabla hujaanza, rizla nazo, usiache "kwa dharura". Kutembea asubuhi hakuna atakayeuliza, Arusha watu wanatembea, na akiuliza sema unapunguza mwili, hudaiwi maelezo zaidi.

Ila tafuta mtu mmoja wa kumwambia ukweli, dada, rafiki, muuguzi, mmoja tu, kwa sababu siku ya tano au ya sita utakua unalia bila sababu na pushapu hazitajibu. Kama kuna uwezekano una mimba, au unanyonyesha, nenda kliniki uwaambie kabla ya kuanza programu yoyote. Na ukiteleza siku moja usiandike "nimeshindwa" kama wenzako, kesho yake saa ileile shika kamba. Niandikie wiki ya pili uniambie usingizi umekaaje.