Jibu: Utawala wa umma na ustawi wa jamii, ni kitu kimoja?

Ndugu, umeuliza kama shahada ya utawala wa umma na ile ya ustawi wa jamii ni kitu kimoja chenye majina mawili. Hapana. Zinakutana kwenye sera, lakini zinaanzia mbali.

Utawala wa umma unakufundisha serikali inavyofanya kazi kwa ndani: bajeti, ajira, sheria, uwajibikaji. Utakutana na insha ya Woodrow Wilson ya 1887 kuhusu utawala, aliyoiandika miaka mingi kabla hajawa rais wa Marekani, na pia Max Weber, mwanasosholojia Mjerumani, na maelezo yake ya urasimu, yaani uendeshaji wa ofisi kwa ngazi na kanuni. Huyo Weber msome taratibu. Ukimwelewa utajua kwa nini barua moja hupita meza tano.

Ustawi wa jamii huanza na mtu aliyekaa mbele yako. Jane Addams na Ellen Gates Starr, waanzilishi wa kazi hii Marekani, walipofungua Hull House, nyumba ya kuhudumia jamii huko Chicago, mwaka 1889, walihamia mtaa wa wahamiaji maskini wakaishi nao kama majirani. Mpaka leo mafunzo kwa vitendo ni sehemu kubwa ya shahada hii, chini ya msimamizi. Huko ndiko utakapojipima kweli: kumsikiliza mtoto aliyepigwa, kisha kuandika ripoti kwa utulivu, si jambo dogo.

Kabla hujajaza fomu, soma orodha ya masomo ya kila mwaka na uulize mafunzo kwa vitendo yana wiki ngapi. Somo la takwimu utalikuta kwenye shahada zote mbili, lianze mapema.