Uliza Mfugaji: Mashine, mtetea na mayai yaliyokataa kutotoa

Wiki hii maswali mengi yanatoka huku kwetu kusini mwa Tanzania, na karibu yote yanahusu utotoleshaji, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Nimefupisha barua ndefu, majina nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi niko Tandahimba, baada ya malipo ya korosho nilinunua mashine ya mayai 56 yenye feni, nikaijaza yote. Mayai mengine nilichukua dukani, mengine nilizunguka kukusanya kwa majirani mpaka trei zikajaa. Vimetoka vifaranga 9 tu. Fundi anasema mashine ni nzima, sasa tatizo ni nini? Nataka kuiuza.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiiuze kwanza. Nikisoma barua yako naona mayai yako yalishaharibika kabla hujachomeka waya kwenye umeme, na hili ndo jambo ambalo nalisema kila siku na ntaendelea kulisema, kwamba mashine haitengenezi kifaranga, inalea kile kilichomo tayari, kama hakuna kitu mle ndani hata ungenunua mashine ya milioni ngapi hupati kitu.

Tuanze na ya dukani. Yale mayai ya kisasa ya trei yanatoka kwa kuku wa mayai wanaofugwa bila jogoo, hayana mbegu kabisa, hayo toa kwenye hesabu. Sasa hayo ya majirani. Je kila nyumba ina jogoo? Jogoo mmoja anamudu matetea 8 mpaka 10, ukikuta mtu ana matetea 20 na jogoo mmoja mzee, ujue mengi ni matupu. Alafu umesema ulizunguka mpaka trei zikajaa, hapo ndo roho yangu ilishtuka, maana hujui yai la kwanza lilitagwa lini na lilikaa wapi. Yai la kutotolesha vitabu vinasema lisizidi siku 7, lakini vitabu vinaongelea chumba chenye ubaridi wa nyuzi 13 mpaka 18, kwetu huku chumba cha bati saa nane mchana kinapita 30. Yai likikaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 24 hivi mbegu inaanza kukua kidogokidogo, usiku inapoa inasimama, kesho tena inaanza, mwisho inakufa. Kwa hiyo kwa hali ya hewa yetu mimi nasema siku 3 au 4, tano ikizidi sana, na uyaweke sehemu ya baridi kuliko zote ndani ya nyumba, chini sakafuni pembeni ya mtungi wa maji ni pazuri, ncha nyembamba iangalie chini. Kwenye friji usiweke, ni baridi mno. Usiyaoshe pia, yenye kinyesi kingi yaache ya kupikia.

Na kama yalisafiri kwa bodaboda kwenye barabara zetu hizi, ukifika yapumzishe kutwa nzima kabla ya kuyaingiza, mfuko wa hewa mle ndani unatikisika.

Round ijayo mulika. Siku ya 7 usiku zima taa, shika yai weka kwenye tochi ya simu. Ukiona mishipa ya damu imetawanyika na kijidoa kinacheza, hilo zima. Likiwa jeupe tupu halikuwa na mbegu, hapo laumu jogoo. Ukiona duara jekundu tu kama pete, mbegu ilikuwepo ikafa mapema, hapo angalia uhifadhi wako au joto. Kama kifaranga kimekamilika kimefia ndani karibu na kutoka, sasa hapo ndo tunaanza kuulizana habari za mashine, yani joto, unyevu na hewa. Hayo 47 uliyotupa yangekwambia kila kitu kama ungeyapasua moja moja, na najua inanuka, lakini yapasue.

Kuhusu joto, mashine ya feni inataka nyuzi 37.5 mpaka 37.8. Usiamini ile namba inayowaka juu moja kwa moja, mashine nyingi za bei nafuu zinadanganya, chukua themomita ya homa ya hospitali iweke usawa wa mayai ulinganishe. Vifaranga wakitoka siku ya 19 au mwanzoni mwa 20 na vitovu vibichi, joto lilizidi. Wakichelewa mpaka 22 au 23, lilipungua. Na bora lipungue kidogo kuliko lizidi, nyuzi 40 kwa masaa machache zinaua.

SWALI: Mama, huku Lindi mjini umeme unakatika bila taarifa. Juzi ulikatika kuanzia saa moja usiku mpaka saa sita, mayai yangu yana siku 16. Nitupe?

JIBU: Usitupe hata moja! Masaa matano sio mwisho wa dunia. Umeme ukikatika usifungue mashine kuchungulia, funika na blanketi ila matundu ya hewa yaache wazi, maana kuanzia wiki ya tatu kifaranga anatoa joto lake mwenyewe na anachohitaji zaidi ni hewa. Ukiweza weka chupa za maji ya moto pembeni. Kinachotokea mara nyingi ni kuchelewa kutoka kwa siku moja, basi. Endelea kama kawaida, siku ya 18 mulika ndo uamue.

Ila naomba sana, na hapa naongea na wote, msiwashe jiko la mkaa chumba kimefungwa ili kuokoa mayai. Ile hewa ya mkaa inaua vifaranga na inaua watu waliolala humo. Mwenye uwezo atafute mashine inayokubali betri ya gari ya volti 12, nyingine zinakuja na sehemu yake tayari.

SWALI: Habari dada, niko Masasi. Sina mashine wala sitaki, nina matetea watano wa kienyeji. Shida wanagombania kiota kimoja, mayai yanapatikana ya umri tofauti, wachache wanatotoa mengine viza. Na mmoja anaamkaamka kwenye mayai, nimchinje?

JIBU: Dada yangu usimchinje, kuamka mara moja kwa siku dakika 15 au 20 akale, anywe na ajisaidie ni kawaida na mayai hayadhuriki. Muwekee mahindi na maji karibu. Ila akiwa anaamka kila saa na anajikuna, inua majani uangalie, nina uhakika utakuta utitiri. Choma yale majani, weka mapya na majivu chini, mpulizie dawa ya unga ya duka la mifugo. Utitiri unamfukuza tetea kwenye mayai kuliko kitu chochote.

Kiota kila mmoja awe na chake, giza kidogo, mbali na wenzake. Mayai unayomlalisha yachore alama ya mkaa, kila jioni akiamka angalia, lisilo na alama ni la mgeni aliyepita kutaga, litoe. Hapo tu utapunguza viza nusu.

Na sasa nikupe kitu kizuri zaidi, mimi huwa nafurahi sana kukielezea. Tetea wa kwanza akianza kulalia usimpe mayai yako ya maana, muachie mawili matatu ya kumzuga. Wa pili akianza, vivyo hivyo. Wakifika watatu, usiku mmoja toa yale ya uongo, waingizie wote mayai freshi 10 mpaka 12 kila mmoja kulingana na umbo. Usimuache wa kwanza azugwe zaidi ya wiki mbili, anakonda. Siku ya 21 wote wanatotoa pamoja, unakusanya vifaranga unawapa mama mmoja au wawili wenye upole, hao wengine baada ya muda wanarudi kutaga.

Mwenye mashine nae anaweza kuingia hapo, kaka wa Tandahimba unasikia? Washa mashine usiku uleule unaowalalisha matetea. Vya mashine vikishakauka unavipenyeza usiku chini ya tetea aliyetotoa, asubuhi anaamka anajua vyote ni vyake. Umeokoa umeme na mkaa wa kulelea, na vinafundishwa kukimbia mwewe, kitu ambacho bruda, yani chumba cha kulelea vifaranga kwa joto, haifundishi.

SWALI: Newala huku usiku baridi. Niongeze maji kwenye mashine?

JIBU: Maji sio ya kuongeza joto, ni ya unyevu. Nunua haigromita, kile kipimo cha unyevu, ni bei ndogo. Siku 18 za kwanza asilimia 50 mpaka 55, siku 3 za mwisho 65 mpaka 70, na siku hizo hizo tatu acha kugeuza mayai. Watu wa Mikindani na Kilwa hewa yenu ina maji tayari, mkijaza vyombo vyote toka siku ya kwanza vifaranga vinafia kwenye maji ndani ya ganda. Wewe wa Newala mashine itoe dirishani iweke chumba cha katikati.

SWALI: Mwanangu, mimi mzee wa Kilwa. Kifaranga ametoboa ganda toka asubuhi na sasa jioni hajatoka, nimsaidie?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Muache. Kutoka kutoboa mpaka kutoka inaweza kufika masaa 24, muda huo anamalizia kunyonya damu na kiini, ukimbandua mapema anatoka damu anakufa mkononi. Na ukifungua fungua mashine unyevu unakimbia, ngozi ya ndani inakauka inawabana wale wengine. Wakishatoka wasikupe haraka ya chakula, kile kiini kinawatosha siku nzima na zaidi.

SWALI: Nachingwea. Naweza kumlalisha kuku mayai ya bata?

JIBU: Unaweza, ila bata wetu hawa wa kawaida wanachukua siku 35, kanga 26 mpaka 28. Usichanganye na ya kuku, vifaranga wa kuku wakitoka mama anaondoka nao.

SWALI: Vifaranga vyangu vinatotolewa vizuri, vikifika miezi miwili vinakufa vyote, kinyesi kijani shingo zimepinda. Ruangwa.

JIBU: Pole sana, hiyo ni kideri, na haina dawa, chanjo peke yake. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni kwa kila kuku, mkubwa kwa mdogo, anza wiki ya kwanza, rudia wiki ya tatu au ya nne, alafu kila miezi 3 bila kukosa. Ongea na majirani mnunue kichupa kimoja mgawane siku hiyohiyo, maana kimoja kinatosha kuku wengi na wa jirani asiyechanja ndo atakaekuletea tena. Na ukinunua kuku mnadani msimu wa korosho, watu wakiwa na pesa na kuku wanahama kila upande, mtenge wiki mbili kabla hujamuingiza bandani.