Pumu ya mtoto, Januari na Julai

SWALI: Tunaishi Salt Lake City, Marekani. Mwanangu ana pumu. Januari hubanwa kifua mji ukijaa utusitusi. Julai hubanwa tena, na anga ni jeupe kabisa. Mashine yetu ya kusafisha hewa humsaidia Januari tu. Je, imeharibika?
Mama wa watoto wawili, Utah

JIBU: Ni nzima, mama. Kinachombana Januari ni chembe, kinachombana Julai ni gesi, na kichujio cha karatasi hakizuii gesi.

Mji wenu uko bondeni. Wakati wa baridi hewa nzito hutuama chini, ya vuguvugu ikakaa juu yake kama mfuniko wa sufuria, na moshi ukakosa pa kutokea siku kadhaa mfululizo. Tena chembe nyingi hazitoki kwenye bomba la gari zikiwa chembe: gesi za injini hukutana na amonia, itokayo hasa kwenye samadi, zikaganda humo humo hewani. Upana wake haufiki mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwa hiyo huzama hadi ndani ya mapafu.

Mkitaka kifaa cha pili kwa bei nafuu, nunueni feni ya mraba ya inchi 20 na vichujio vinne vya MERV 13 (kipimo cha uwezo wa kichujio kunasa chembe), inchi 20 kwa 20. Visimamisheni kama kuta za sanduku, mishale iliyochorwa kwenye vichujio yote ikielekea ndani, kadibodi chini, feni juu ikipuliza kwenda juu. Zibeni kila kona kwa selotepu pana. Wengi huharibu hapo: ukibaki upenyo, hewa hupita humo na kukikwepa kichujio.

Gesi ya Julai ni ozoni. Jua hupika moshi wa magari pamoja na mvuke wa petroli na rangi, hivyo huzidi mchana hadi jioni. Mtoto acheze asubuhi. Madirisha yafungwe saa sita mchana hadi saa moja jioni. Ozoni kidogo inayopenya huisha upesi ikigusa kuta na mapazia. Barakoa ya N95 haiizuii, ingawa moshi wa misitu inayoungua inauzuia. Zipo mashine zinazosifiwa kwamba "hutoa ozoni" kusafisha hewa. Tafadhali msinunue, ni sumu ile ile mnayoikimbia.

Nanyi msiwashe kuni siku ambazo serikali imepiga marufuku kuziwasha, na unganisheni safari zenu, maana injini huchafua zaidi dakika za kwanza, kisafisha-moshi chake kikiwa bado baridi. Julai jazeni petroli jua likishazama. AQI (kipimo cha uchafu wa hewa) ikipita 100, mtoto asikimbie nje, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu.