Mbalamwezi mbili umeganda kisiwani, halafu unamvunja mkeo mkono?

"Shikamoo shangazi. Mimi mvuvi wa dagaa, mke wangu anauza dagaa mwaloni Kirumba, tuna watoto wawili. Kazi ilibana, nikakaa kambini Ukerewe mbalamwezi mbili bila kurudi. Niliporudi nikakuta meseji ya mwanaume kwenye simu yake saa tano usiku, 'mama kesho nakutumia iliyobaki.' Hasira zikapanda nikamsukuma kidogo, akaangukia ndoo mkono ukavunjika. Hospitali tulisema kateleza. Yuko kwao Sengerema wiki ya tatu na mama mkwe kanifungia geti. Ni kweli na mimi kisiwani nilipitiwa mara moja ila nimeacha. Sili, silali. Nifanyeje arudi? Baba Wawili, Igoma."

Marahaba mwanangu. Pole kwa kutolala, naamini hulali kweli.

Sasa hiyo kazi ya mbalamwezi ni kazi gani? Dagaa anavuliwa gizani, taa ndo inamvuta, mwezi ukiwaka wenzako wanaanika nyavu wanapanda boti wanarudi kwa wake zao. Wewe mbalamwezi mbili zote umebaki kule halafu unaniambia ulipitiwa mara moja. Mtu hapitiwi miezi miwili. Na usidhani mkeo alikuwa hajui, mwaloni hakuna siri, dagaa zikishuka na habari za kambini zinashuka nazo, mwanamke anayekaa pale toka alfajiri alishajua hadi jina, akanyamaza, akaendelea kuuza akalisha wanao.

Hiyo meseji nimeisoma mara tatu. "Iliyobaki" ni deni baba, wanunuzi wanapakia gunia usiku zinaenda Kongo na Burundi wanalipa nusu, nyingine kesho yake kwa simu, huyo mvuvi gani asiyejua dagaa zake zinauzwaje? Unajua vizuri sana. Ila uliposoma ulisikia yale maneno unayomwandikiaga yule wa kisiwani, ukaona na mwenzio anafanya unayofanya wewe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu uchungu. Ile hatia uliyotoka nayo Ukerewe ukaja kuitua kwenye mkono wake.

Na "nilimsukuma kidogo" sitaki kuisikia tena. Mwanamke anayejitwika gunia havunjiki kwa kusukumwa kidogo. Halafu "tulisema kateleza", mlisema na nani? Ulisema wewe, mwenzio anaugulia pembeni, ili isitakiwe PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, na polisi wasijue. Hata kama angekuwa na mwanaume kweli, narudia, hata kama, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kifungu cha 66 inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake na mila haikutetei. Akiamua kwenda dawati la jinsia na watoto pale polisi usimwite mkorofi, na akitaka talaka aanzie baraza la usuluhishi, haki yake. Mama mkwe nae kafanya sawa kabisa kufunga geti, mimi ningeweka na kufuli.

Ndoa za siku hizi zinaniumiza jamani, watu wanalala kitanda kimoja kila mtu na pasiwedi yake, mume akitoka safari hata kabla ya kusalimia watoto keshashika simu ya mke anapekua, yake kaificha mfukoni imezimwa sauti. Mnatafuta kosa kwa mwenzio ili la kwako lipungue uzito, na lisipopatikana mnalitengeneza, na watoto wako mlangoni wanaangalia. Wanao walikuwepo usiku ule? Hukuandika.

Umeniuliza arudi vipi, hukuniuliza hata mara moja mkono unaendeleaje. Kwa hiyo sikupi maneno ya kumrudisha. Panda kivuko cha Kamanga ukiwa na mzee mmoja wa kwenu, watoto waache usiwatumie kuombea huruma, na usibebe kitenge. Mkifika, kama geti litafunguliwa, sema mbele ya baba yake kwamba hakuteleza, ulimpiga, na useme ya kisiwani yote. Hela ya kutolea hogo na ya hizo wiki tatu ambazo hajauza muachie mama mkwe mkononi. Akisema harudi, usibishane, boti ya jioni ipo.