SNL miaka 50: mbona wengine walinuna?

Swali: Anko shikamoo. Mi naishi Minnesota. Ile spesheli ya miaka 50 ya Saturday Night Live (SNL), kile kipindi cha vichekesho cha TV ya Marekani, Februari 2025, wenzangu kazini wengine walicheka mpaka machozi wengine wakasema imepooza kabisa, sasa nikajiuliza hawa kweli waliangalia kitu kimoja?
Msomaji, Marekani

Jibu: Marahaba mpwa wangu. Kitu kimoja, ila kila mtu alikuwa anamsubiri mtu wake. Kipindi kimeanza Oktoba 1975 bwana, kuna mzee anayemkumbuka Chevy Chase, mchekeshaji wa kundi la mwanzo, akiwa kijana na kuna dogo anayejua klipu za YouTube tu, utawachekesha wote usiku mmoja kivipi? Na yenyewe ilienda zaidi ya masaa matatu na matangazo humohumo, mahali fulani lazima usinzie.

Wengi nilioona wamekubaliana ni Eddie Murphy alivyomuigiza Tracy Morgan, mchekeshaji mwenzake wa SNL, na Tracy mwenyewe kasimama palepale, jamani Eddie hachuji! Tom Hanks naye akaomboleza vichekesho vya zamani ambavyo leo vingeleta kesi, mi hapo nilicheka huku naona aibu kidogo.

Walionuna nawaelewa pia, mastaa walijazana mno, mtu anatokea kidogo anapigiwa makofi anapotea, halafu Dan Aykroyd, mmoja wa wale wa mwanzo kabisa, hakuonekana ukumbini. Wenzako waulize walianza kuangalia mwaka gani, utajua nani anamlilia nani.