Kutoa kompyuta ya studio kwa intaneti: chunga flashi

Boss, umeuliza kama hiyo desktopu yako ya kurekodi uitoe kwa intaneti kabisa ama uweke tu antivairasi nzuri uendelee, na jamaa amekujibu hapo juu ati hayo ni mambo ya kizamani, siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Mimi narekodi kwaya na bendi ndogo ndogo hapa Kondele, Kisumu, na mashine yangu ya studio haina waifai wala waya wa intaneti. Kwa hivyo kwangu jibu ni ndio, toa. Ila watu wengi wakishazima waifai wanaona wamemaliza, na mimi naona hapo ndio kazi inaanza.

Wengi wanafanya hivi kwa kuogopa wezi wa mtandaoni, lakini mimi kilichonisukuma ni tik-tik kwa rekodi. Tulikuwa na mzee wa orutu, na unajua orutu ni waya mmoja, mzee akivuta upinde noti inakaa hewani ndefu hivi, hakuna mahali pa kujificha. Gitaa ya benga na ngoma ikiwa nyuma tik moja inaweza kupita bila mtu kushtuka lakini kwa orutu peke yake unaisikia kama mtu amevunja njugu kando ya maiki. Nikabadilisha kebo, nikabadilisha shimo la USB, bado. Ndio nikaweka LatencyMon, ni programu ya bure ya kuonyesha draiva gani (programu ndogo inayoendesha kifaa) inachelewesha sauti, mistari ikaenda nyekundu na jina lililokaa juu ni ndis.sys, hiyo ni ya mambo ya mtandao ndani ya Windows. Nikaenda Device Manager nikazima adapta ya waifai, nikaacha LatencyMon iendelee tu, mistari ikarudi kijani na tik zikaisha.

Sababu yake ni hii. Ukirekodi kwa 48 kHz na bafa (kipande cha sauti kinachosubiri kushughulikiwa) ya sampuli 128, kompyuta ina chini ya milisekunde 3 kushughulikia kila kipande cha sauti kabla kingine hakijafika. Sasa waifai kila baada ya muda inaamka inatafuta mitandao iliyo karibu, hata kama hakuna kitu unadownload, na draiva ikiwa mbaya inashikilia prosesa kwa hizo milisekunde na kipande chako cha sauti kinakosa nafasi. Prosesa kuwa na nguvu haisaidii sana hapo, nimeona hata i7 ikikwaruza. Unaweza kupandisha bafa hadi 512 tik zipungue, sawa, lakini mwimbaji anaanza kujisikia kwa hedifoni akiwa amechelewa na anaanza kukulaumu wewe.

Ya pili ni apdeti. Mashine ya studio ikishakaa vizuri hutaki iguswe. Draiva ya intafesi (kile kisanduku cha kuingiza sauti ya maiki kwa kompyuta) inaelewana na Windows yako leo, kesho apdeti imeingia usiku na kwaya imefika asubuhi na nguo zao za sare tayari, wewe unatafuta kwa nini intafesi haionekani. Na bando nayo inaliwa kimya kimya, hiyo siongezi.

Halafu kuna hii mambo ya Windows 10. Microsoft waliacha kuitolea apdeti za kawaida za usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na hizi desktopu za ex-UK (zilizotumika Uingereza) tunazonunua nyingi hazikubaliki kwa Windows 11 juu ya prosesa ya zamani ama kukosa TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Watu wanaambiwa watupe mashine. Usitupe! Mashine kama hiyo kuingia nayo benki ama imeili ni hatari, lakini kurekodi traki 8 za kwaya inarekodi bila jasho. Ukiitoa mtandaoni imepata miaka mingine ya kazi.

Na hapa kwetu ongeza radi. Mnajua mvua ya jioni ikitoka upande wa ziwa. Kama intaneti yako inashuka na waya kutoka antena ya paa, huo waya ni njia ingine ya umeme kuingia kwa mashine, na UPS nyingi zinalinda upande wa stima tu. Waya usipokuwepo hiyo njia haipo.

Sasa laiseni, juu umeuliza plagini (zile programu za kuongeza sauti na efekti ndani ya programu ya kurekodi) utafanyaje. Nyingi, pamoja na programu zenyewe za kurekodi, zinakubali kuwashwa nje ya mtandao. FL Studio unaingia kwa akaunti yako ukitumia kompyuta ingine, unachukua ile faili ya FLRegKey, unaleta na flashi. Reaper ni hivyo hivyo, faili ya laiseni tu, na kwa studio ndogo kama zetu ni dola 60 na unaijaribu siku 60 kwanza. Ableton nayo iko na njia ya kuidhinisha bila intaneti. Zenye zitakusumbua ni zile za kulipia kila mwezi, hizo lazima ziulize nyumbani kila baada ya muda, mimi sizinunui. Kitu kimoja watu hawasemangi: angalia betri ndogo ya CR2032 kwa ubao mama. Mashine ya ex-UK ikiwa na betri imekufa, stima ikipotea tarehe inarudi nyuma miaka, na bila intaneti hakuna wa kuisahihisha. Laiseni zinakataa na mafaili yako yanapata tarehe za ajabu. Betri yenyewe ni bei ya soda.

Plagini za kukrakiwa (zimevunjwa laiseni zitumike bila kulipa), najua ndio sababu ya wengi kuzima intaneti, wasijulikane. Sihubiri, lakini elewa kuwa krak ni programu ya mtu usiyemjua umeipa ruhusa zote, na ile ransomware (vairasi ya kufunga mafaili ili ulipe) ya STOP/Djvu imesambaa sana kupitia hizo krak. Ikishaingia ikakufungia mafaili, intaneti kuwa haipo haitakurudishia. Surge XT, Vital na TDR Nova ziko bure kihalali, anza na hizo.

Haya, flashi. Ukishatoa waya, kila kitu kinachoingia kwa mashine yako kinapitia flashi, na flashi za mtaani mnazijua. Mweka hazina wa kwaya anakuja na biti (muziki wa kuimbia) kwa flashi imetoka saiba, imepitia kwa duka la kuprint, imepitia laptopu ya mtoto wa shule. Unaifungua unapata folda zote zimekuwa shotikati za kilobaiti 2. Mtu akiona hivyo anabonyeza ndio aone ndani kuna nini, na hiyo kubonyeza ndio inaambukiza mashine. Mafaili huwa yapo, yamefichwa tu, unayarudisha kwa kompyuta ingine ya Windows, kwa Command Prompt, na amri hii: attrib -h -r -s /s /d F:\*.* kama flashi imesoma F.

Kwangu sheria ni kwamba flashi ya mteja haigusi mashine ya studio. Hata awe pasta. Nina laptopu ya zamani iko na Linux Mint, hizo shotikati za Windows haziwezi kujiendesha hapo, naingiza flashi yake, nachukua WAV ama MP3 tu, naweka kwa flashi yangu ya studio ambayo haitoki kwa chumba. Na ile flashi yangu nimeiformati exFAT, juu FAT32 haikubali faili moja ikipita gigabaiti 4. Wateja wengine wanaona nawaringia mwanzoni, wanazoea.

Na simu! Mtu anaomba kuchaji kidogo, anachomeka kwa USB ya desktopu, kumbe simu iko na tethering (kugawa intaneti yake) imewashwa na mashine imepata intaneti bila wewe kujua na apdeti zimeanza kushuka. Nunua chaja ya ukutani uweke pale mlangoni, utapunguza hata ile hum kwa maiki.

Bakapu usisahau kwa sababu hakuna Google Drive ya kukuokoa. Traki moja ya mono kwa biti 24 na 48 kHz inakula kama megabaiti 8.6 kwa dakika, kwa hivyo albamu nzima ya kwaya inaingia kwa disiki ya nje ya kawaida na nafasi inabaki. Weka disiki mbili, moja ilale nyumbani isilale studio. Kutuma kazi kwa mteja natumia ile laptopu, na kama ni WhatsApp tuma kama dokumenti ndio faili isiguswe.

Kuhusu wazo la yule jamaa mwingine la kugawanya disiki, Windows mbili, moja ya muziki na moja ya intaneti: kwa tik-tik na apdeti inasaidia, kama huna pesa ya mashine ya pili fanya hivyo. Lakini vairasi ikiingia upande wa intaneti inaona na mafaili ya upande wa muziki, isipokuwa umeufunga na BitLocker, ile kufuli ya disiki ya Windows. Na kama kazi yako kubwa ni kudownload lupu na kubadilishana stemu (traki za wimbo zilizotenganishwa) na watu wa Nairobi kila siku, pengine hii yote itakuchosha bure, zima tu adapta wakati wa kurekodi.

Kabla hujachomoa waya shusha draiva ya intafesi yako pamoja na faili yake ya kuinstali, uiweke kwa ile disiki ya bakapu. Unatumia intafesi gani kwani? Hukusema.